Bei ya Kijana wa Mkataba Nafuu

Wachambuzi wa kandanda ya Kimarekani wana kitu kimoja wanachokitaja kwa unyenyekevu, mithili ya watu wa dini wanapolitaja jina la walii. Kitu hicho ni kotabeki kijana mwenye mkataba nafuu. Husema kwamba katika mchezo wao mzima hakuna mali inayoishinda hiyo, na kwamba klabu iliyoipata isikubali kuitoa ila kwa malipo ya kutisha. Mimi nina jamaa wanaoishi huko, nimewasikiliza wachambuzi hao kwa miaka mingi, na nikiwa mtu niliyemaliza umri wangu nikipima vijana, nasema hesabu yao ni ya uongo. Sisemi kwamba wamekosea kujumlisha. Kujumlisha wanajua. Nasema kwamba kile wanachokipa bei sicho kile wanachodai kuwa wamekipa bei.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huo, yatosha kujua machache. Kotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulio, akauangalia uwanja kwa sekunde mbili tatu huku majitu ya kilo mia na zaidi yakimjia mbio, kisha akaamua autupe wapi au ampe nani. Hakuna nafasi nyingine uwanjani inayobeba uzito huo. Ligi yao kuu, NFL, ina klabu 32, na kila mwaka klabu hizo hugawana vijana wanaotoka vyuoni kwa raundi saba, aliyeshika mkia akichagua kwanza. Kijana hachagui aende wapi. Klabu, kwa upande wao, huweza kubadilishana zamu za kuchagua, kwa zamu nyingine au kwa wachezaji. Ndiyo maana utawasikia wakisema kwamba fulani ana thamani ya raundi mbili za kwanza, kama sisi tunavyoweza kusema ng'ombe huyu ni wa mbuzi kumi.

Zamani kijana aliyeteuliwa wa kwanza alilipwa kama mfalme kabla hajacheza hata dakika moja. Mwaka 2007 Oakland walimchukua JaMarcus Russell kwa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 61. Kufikia 2010 walikuwa wamekwisha kumwondoa. Mwaka huohuo wa 2010 Sam Bradford alipata huko St. Louis mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, na kati ya hizo milioni 50 zilikuwa za uhakika. Wenye klabu walilalamika, wachezaji wakongwe wakalalamika zaidi, na siwalaumu: huko kulikuwa kununua mbuzi kwenye gunia. Basi mwaka 2011, baada ya mgogoro uliofunga milango ya klabu kuanzia Machi hadi Julai, pande mbili zilitia saini mkataba wa pamoja uliopanga mishahara ya vijana kwa ngazi. Cam Newton, mteule wa kwanza wa mwaka huo, alipata dola milioni 22 kwa miaka minne. Ukihesabu kwa mwaka, ni chini ya nusu ya alichopata Bradford miezi kumi na miwili nyuma yake.

Ngazi hiyo ina kufuli. Kijana haruhusiwi kuzungumzia mshahara wake upya mpaka misimu mitatu ipite, hata akiwa ndiye mchezaji bora wa nchi nzima. Na kama aliteuliwa raundi ya kwanza, klabu ina haki ya kumwongezea mwaka wa tano kwa uamuzi wake yenyewe, bila kumwomba ridhaa.

Sasa weka juu ya hayo kikomo cha mishahara. Kila klabu huruhusiwa kutumia kiasi kilekile kwa wachezaji wake wote. Mwaka 2011 kilikuwa kama dola milioni 120, na mwaka 2024 kilifika milioni 255.4. Kwa hiyo shilingi usiyomlipa kotabeki ndiyo utakayomlipa beki na mkimbiaji. Seattle walimteua Russell Wilson katika raundi ya tatu mwaka 2012. Msimu wa 2013 mshahara wake wa msingi ulikuwa kama dola 526,000, akazungukwa na walinzi hodari ambao fedha hiyo iliyobaki iliwatosha, na Februari 2014 wakawafunga Denver 43 kwa 8 katika fainali yao, Super Bowl. Brock Purdy ni mfano mkali zaidi. Aliteuliwa wa 262 mwaka 2022, wa mwisho kabisa. Wenyewe wana jina la dhihaka kwa mtu wa nafasi hiyo. Msimu wa 2023 alipokea mshahara wa dola 870,000 na kuifikisha San Francisco fainali, waliyoipoteza mbele ya Kansas City katika muda wa nyongeza. Kikomo cha mwaka huo kilikuwa milioni 224.8. Sehemu yake haikufika hata nusu ya asilimia moja. Kufuli lilipofunguliwa, Mei 2025, alitia saini mkataba wa milioni 265 kwa miaka mitano, yaani 53 kila mwaka. Mkono wake ulikuwa uleule.

Hapo ndipo uongo ulipo. Wachambuzi waliposema mwaka 2023 kwamba Purdy ana thamani kubwa kuliko kotabeki mwingine anayecheza vizuri kama yeye lakini analipwa haki yake, hawakuwa wakiupima mkono wake wala akili yake. Walikuwa wakipima pengo. Bidhaa iliyokuwa sokoni ilikuwa ni haki ya kumlipa mtu dola laki nane kwa kazi ya milioni hamsini, na haki hiyo haikutengenezwa na Purdy, ilitengenezwa mezani mwaka 2011 alipokuwa mtoto wa shule. Anapouzwa, anauzwa pamoja na kunyimwa kwake. Na kadiri anavyonyimwa ndivyo anavyopanda bei. Kuna jambo jingine ambalo watu wa kawaida hawalijui. Sehemu kubwa ya fedha ya kijana wa raundi ya kwanza hulipwa na klabu ya kwanza siku ya kutia saini. Ukimtoa baada ya mwaka mmoja, klabu mpya hurithi mishahara midogo iliyobaki tu. Josh Rosen alipohamishwa kutoka Arizona kwenda Miami mwaka 2019, Arizona walikuwa wamekwisha kumlipa zaidi ya milioni 10, na Miami walibakiwa na deni la kama milioni 6 kwa miaka mitatu. Kijana huyo akawa rahisi zaidi siku ileile alipokataliwa.

Nitaulizwa: mzee mwenye pensheni ya ualimu anawalilia matajiri? Dola 870,000 ni fedha ambayo kijiji kizima hakijapata kuiona. Ni kweli. Lakini haki haipimwi kwa kumlinganisha mlipwaji na maskini aliye mbali. Hupimwa kwa kumlinganisha na anayefaidi jasho lake aliye karibu. Milioni hamsini ambazo Purdy hakulipwa hazikwenda kwa maskini yeyote. Tena tusisahau kwamba vijana hao hutoka vyuoni, ambako hadi Julai 2021 walikatazwa hata kupokea malipo ya matangazo kwa jina lao wenyewe, viwanja vikijaa watu waliolipa viingilio. Walicheza kwa ada ya shule, kisha wakapelekwa kwenye ngazi.

Na nani aliyewakubalia? Chama cha wachezaji. Chama huongozwa na waliomo, na vijana wa uteuzi wa mwaka kesho hawamo. Ni rahisi sana kutoa kafara ya mtu ambaye hajaingia chumbani. Hoja iliyotolewa ni kwamba fedha itakayookolewa kwa vijana itawafikia wakongwe. Baadhi iliwafikia, hasa wale wachache wa juu: Dak Prescott wa Dallas, ambaye mwenyewe aliingia mwaka 2016 kwa mkataba wa chini ya milioni 3 kwa miaka minne, alifikia wastani wa milioni 60 kwa mwaka alipotia saini mwaka 2024. Lakini mchezaji wa kawaida wa miaka saba kazini, mwenye goti linalouma na watoto wawili, sasa anashindania nafasi na kijana aliyewekewa bei ya chini kwa sheria. Nani atamchagua mzee? Mkataba wa 2020 ulipopigiwa kura, wachezaji 1,019 waliukubali na 959 waliukataa. Ngazi ilibaki.

Hayo ni ya fedha, nami yananiudhi kiasi. Linaloniudhi zaidi ni lile linalotokea kwa kijana kama mwanafunzi.

Maana kotabeki wa miaka ishirini na miwili ni mwanafunzi. Ujuzi wake ni wa kusoma uwanja, na kusoma huchukua muda usiojulikana mapema. Katika chuo cha ualimu nilikuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha, na ungemkuta mwanachuo amesimama mbele ya darasa la nne, chaki mkononi, sauti imekwama kooni, watoto wanachekana. Mkaguzi mwenye haraka angemwandikia kwamba hafai. Wengine kati ya hao, baada ya miaka miwili chini ya mwalimu mkuu mwenye subira, ndio walioshika shule. Hakuna aliyeweza kutabiri yupi. Tulichojua ni kwamba ukimhamisha kila muhula na kumpa mkuu mpya kila mwaka, utamharibu hata aliye hodari.

Mkataba nafuu una saa ndani yake, na saa hiyo haijali kusoma. Miaka minne ya unafuu inaanza kuhesabiwa siku ya kwanza. Kila mwaka kijana anaotumia kujifunza, wanauita mwaka uliopotezwa. Matokeo yake ni kwamba anarushwa uwanjani kabla ya wakati, akiyumba anahukumiwa kabla ya wakati, na akihukumiwa anatupwa ili klabu iteue mwingine na kuirudisha saa nyuma. Tazama darasa moja tu, la 2018. Rosen aliteuliwa wa kumi. Alicheza msimu mmoja chini ya kocha aliyefukuzwa msimu ulipokwisha, na mwaka uliofuata Arizona wakamteua Kyler Murray kuwa wa kwanza na kumtoa Rosen kwa zamu moja ya raundi ya pili na nyingine ya raundi ya tano. Miami nao wakamwanzisha mara tatu tu, kisha mwaka 2020 wakateua kijana wao mwingine. Josh Allen wa Buffalo, mteule wa saba wa mwaka uleule, alianza vibaya pia: pasi zake zilizofika mwaka 2018 zilikuwa asilimia 52.8. Waliendelea naye, kocha yuleyule, mfumo uleule. Mwaka 2019 zikawa 58.8, mwaka 2020 zikawa 69.2, na msimu wa 2024 akatunukiwa uchezaji bora wa ligi nzima. Simdai mtu yeyote aape kwamba Rosen angekuwa Allen. Nasema hakuna aliyesubiri kujua.

Sam Darnold ndiye shahidi wangu mkubwa. New York Jets walimteua wa tatu mwaka huohuo wa 2018. Akapitia makocha wakuu wawili katika misimu mitatu, klabu ikawa dhaifu, naye akawa dhaifu nayo. Aprili 2021, akiwa na umri wa miaka 23, walimtoa kwenda Carolina kwa zamu ya raundi ya sita, na za raundi ya pili na ya nne za mwaka uliofuata. Hesabu iliyozungumzwa wakati ule ilikuwa wazi: mwaka wa mshahara mkubwa unakaribia, heri tuanze upya na mtoto mwingine wa bei nafuu. Wakamteua Zach Wilson, wa pili katika uteuzi wa 2021. Aprili 2024 walimpeleka Wilson Denver pamoja na zamu ya raundi ya saba, wakapewa zamu ya raundi ya sita. Saa ilirudishwa nyuma, ikaisha tena, na ukutani hapakubaki kitu.

Darnold alizunguka. Mwaka 2024 alifika Minnesota kwa mkataba wa mwaka mmoja wa milioni 10, akashinda michezo 14 na kupoteza 3. Ungedhani wangemng'ang'ania. Lakini Minnesota walikuwa na kijana wao waliyemteua wa kumi mwaka huohuo, J.J. McCarthy, ambaye aliumia goti na hakucheza mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule. Alikuwa na sifa moja kuu: mkataba wake ulikuwa nafuu. Darnold akaachwa aende Seattle, Machi 2025, kwa milioni 100.5 kwa miaka mitatu. Februari 2026 Seattle wakatwaa Super Bowl kwa kuwafunga New England 29 kwa 13, na kotabeki wa New England siku hiyo, Drake Maye, alikuwa katika mwaka wake wa pili wa mkataba nafuu.

Wapo waliosoma somo tofauti. Green Bay walimteua Aaron Rodgers mwaka 2005 na kumkalisha benchi misimu mitatu nyuma ya Brett Favre. Mwaka 2020 wakarudia: walimchukua Jordan Love, wa 26, wakamkalisha miaka mitatu nyuma ya Rodgers mwenyewe. Kelele zilizopigwa! Iliandikwa kwamba wamechoma unafuu wote wa kijana kwa kumfanya mtazamaji. Love alianza kazi msimu wa 2023, akawapeleka kwenye mchujo mwaka huohuo, na Julai 2024 akaongezewa miaka minne kwa milioni 220. Kumbe kulikuwa na kitu alichokuwa akikifanya pale benchi, ambacho jedwali halina safu yake.

Jedwali lenyewe lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dallas ya kocha Jimmy Johnson ilitumia chati iliyoipa kila zamu ya uteuzi alama, ya kwanza ikiwa 3,000, na klabu nyingine zikaiga. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013, walionyesha kwamba klabu hulipa kupita kiasi ili zisogee juu, kwa kujiamini kwamba zinaweza kumjua nani atafaa. Ngazi ya 2011 haikuponya ugonjwa huo. Iliupa kisingizio kipya: hata tukikosea, kijana ni rahisi. San Francisco mwaka 2021 waliwapa Miami zamu tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu ili wamteue Trey Lance, wa tatu. Alianza michezo minne, akavunjika kifundo cha mguu, na Agosti 2023 akatolewa Dallas kwa zamu ya raundi ya nne. Aliyewavusha ni yule wa 262. Rahisi gani hiyo, yenye gharama ya raundi tatu za kwanza?

Washington nao. Mwaka 2012 walitoa raundi tatu za kwanza na moja ya pili kumpata Robert Griffin, na alikuwa kijana wa ajabu, bora kati ya wageni wote wa ligi mwaka ule. Desemba aliumia goti. Alipumzishwa mchezo mmoja, akarudishwa. Januari 2013, katika mchujo dhidi ya Seattle ya Russell Wilson, kila mtu aliyekuwa na macho aliona anachechemea, wakamwacha aendelee mpaka goti likakatika kabisa. Hakurudi kuwa yule tena, na Machi 2016 waliachana naye. Katika uteuzi uleule wa 2012 Washington walikuwa wamemchukua pia, raundi ya nne, kijana wa akiba ambaye hakuna aliyempigia vigelegele, Kirk Cousins. Kwa kuwa hakuna aliyemdai matunda ya haraka, alipata muda wa kusoma. Mkataba wake nafuu ulipokwisha, klabu haikutaka kuamini, ikamshika kwa kandarasi za mwaka mmoja mmoja, karibu milioni 20 mwaka 2016 na karibu 24 mwaka 2017. Mwaka 2018 aliondoka kwenda Minnesota kwa milioni 84 kwa miaka mitatu, zote za uhakika.

Ningekuwa na sauti huko ningedai kufuli lipunguzwe: kijana aruhusiwe kuzungumza upya baada ya msimu wa pili, na mwaka wa tano wa upande mmoja ufutwe. Pengo likifungwa, klabu haitakuwa na sababu ya kumkimbiza kijana wala ya kumtupa kwa kuangalia kalenda. Itambakiza kwa kuwa anafaa, au itamwacha kwa kuwa hafai. Lakini mkataba wa pamoja wa sasa unadumu hadi msimu wa 2030. Makotabeki watakaoingia chini ya ule utakaofuata wako shuleni leo, wanajifunza hesabu, na siku wakubwa watakapoketi kupanga ngazi mpya hawatakuwa wanachama wa chama chochote.